Kitabu cha laki moja na arobaini, na stendi iliyopanda mno

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga kinanda kanisani hapa Moshi, huu mwaka wa sita. Nilijifunza kwa sikio na kwa solfa. Nota za mistari nazisoma ila kwa kukokota. Nikipiga mapambio ya haraka, mkono wa kulia unakaza kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, na kidole cha pete kinaburuta. Nimepata kitabu cha mbinu za piano, cha Kiingereza, kurasa 240. Muuzaji yuko Dar, anataka shilingi 140,000 mpaka kinifikie kwa basi. Nimekutumia picha za yaliyomo na za kurasa nne alizonipigia, pamoja na video yangu ya sekunde arobaini. Nikinunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kitabu kiache kwanza. Shusha stendi.

Najua hukuuliza habari za stendi. Lakini nimeitazama ile video mara nne, ya mwisho nikiwa nimezima sauti ili kwaya isinipoteze. Kinanda kimewekwa kwenye stendi ya X iliyobanwa kwenye tundu la juu kabisa, pengine kwa sababu mwenzako wa ibada ya kwanza hupiga amesimama, na wewe umekalia kiti cha plastiki. Funguo ziko karibu na kifua chako. Sekunde ya kumi na mbili, pambio linapoanza kuchanganya, kifundo cha mkono wako wa kulia kinazama chini ya ukingo wa kinanda, vidole vinabaki vimening'inia juu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Kifundo hakipandi tena mpaka video inaisha.

Ndani ya vidole vyenyewe hakuna misuli ya kuvikunja. Ipo midogo kiganjani, lakini kazi nzito ya kukunja na kunyoosha vidole hufanywa na misuli ya kigasha, yaani hapohapo panapokukaza, kati ya kifundo na kiwiko. Nguvu yake husafiri kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo kabla ya kufika vidoleni. Umewahi kuendesha baiskeli ambayo waya wa breki umepinda kona kali? Unaminya kwa nguvu zako zote na breki inashika nusu. Mkono wako kwenye video unafanya kazi hivyo, na unaminya hivyo kwa saa mbili kila Jumapili.

Basi fanya hivi kabla hujatuma hata senti. Kaa, legeza mikono ining'inie ubavuni, kisha inua vigasha tu bila kupandisha mabega. Viwiko vyako viwe usawa wa uso wa funguo nyeupe au juu yake kidogo. Kwa urefu wako nadhani stendi itashuka matundu mawili, na kama magoti yatagonga, pandisha kiti: viti viwili vya plastiki vilivyopachikana vinakuongezea sentimita chache bila gharama. Mwenzako anayepiga amesimama aipandishe tena zamu yake ikifika. Msizoeane kwa hilo. Ikiwa baada ya wiki mbili tatu maumivu yapo hata usipopiga, au vidole vinakufa ganzi usiku, hayo si ya kwangu wala ya mwandishi yeyote wa vitabu. Nenda ukaonane na mtaalamu wa fiziotherapia, na hospitali ya KCMC mnayo hapohapo.

Sasa kitabu. Jina lake nimeliondoa kwenye swali lako kwa makusudi, maana ninayoyasema yanavihusu vitabu vingi vya namna yake.

Chini ya jina hilo la mbinu za piano huuzwa vitu viwili visivyofanana. Kuna vitabu vya mazoezi, vilivyojaa nota tupu na maneno kiduchu. Na kuna vitabu vya maelezo, vinavyojaribu kukuambia mwili ufanye nini. Chako ni mseto. Kwa mujibu wa ile picha ya yaliyomo, ukurasa wa 61 hadi wa 210 ni mazoezi. Nimekuza picha nikasoma vichwa vya sura: sehemu kubwa ni Hanon na Czerny, vilivyopangwa upya na kupewa vichwa vipya.

Charles-Louis Hanon alikuwa Mfaransa. Mazoezi yake 60 yalichapishwa mwaka 1873, na yeye alifariki mwaka 1900. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, alifariki mwaka 1857. Haki za kazi zao zimekwisha zamani. Ni mali ya kila mtu. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, inazo na unapakua bure. Hapa Sakina, Arusha, steshenari ya karibu na kwangu wanatoa kopi kwa shilingi mia kwa ukurasa. Ukitoa kopi za kurasa ishirini umetumia elfu mbili. Kwa hiyo kurasa mia na hamsini za kitabu chako, kwa pesa, hazina thamani.

Na usidhani unahitaji hata hizo ishirini. Zoezi la kwanza la Hanon nakuandikia hapa kwa solfa, kwa sababu ni mchoro mmoja tu unaopanda ngazi:

d m f s l s f m, kisha r f s l t l s f, kisha m s l t d' t l s

na kuendelea hivyo hadi oktava mbili juu, halafu mchoro unageuzwa unarudi chini. Mkono wa kulia vidole ni 1 2 3 4 5 4 3 2, kuanzia kidole gumba. Wa kushoto ni 5 4 3 2 1 2 3 4. Mikono yote inapiga kitu kilekile, oktava moja kati yao. Kinanda cha funguo 61 kinatosha. Hanon mwenyewe aliagiza uanze na metronomu (kipimo cha mapigo kwa dakika) 60 na kupanda polepole hadi 108, nota nne kwa kila pigo. Metronomu iko kwenye simu yako bure. Basi, umeshapata ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Agizo lake jingine ndilo linalonitia shaka: vidole vinyanyuliwe juu, kila kimoja kwa ukamilifu. Hapo tunaingia kwenye zile kurasa nne.

Ukurasa wa kidole cha nne unasema uvigandamize vidole vingine vyote kwenye funguo, kisha ukinyanyue cha pete juu kadiri uwezavyo, mara hamsini kwa siku, "mpaka kiwe huru". Acha kusoma kidogo ujaribu. Weka kiganja juu ya meza. Kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka. Sasa nyanyua gumba. Kimepanda. Shahada, kimepanda. Cha mwisho, kimepanda. Nyanyua cha pete.

Hakitaki, sivyo? Si uvivu wako. Mgongoni mwa kiganja kano zinazonyoosha vidole zimeunganishwa kwa vipande vya utando, na cha pete kimefungwa na wenzake kuliko vingine. Hicho si kitu cha kuimarishwa kwa mazoezi, kwa sababu utando si misuli. Ukikilazimisha, kinachochoka ni kigasha.

Naongea kama aliyeungua. Nikiwa na miaka ishirini na tatu nilipata kitabu chenye zoezi la aina hiyohiyo. Mwandishi simtaji, kosa lilikuwa nusu lake nusu langu. Nilikifuata kama dozi ya malaria, asubuhi na jioni, miezi minne. Siku moja nafua nikashindwa kukamua shati. Mkono ulifunga ukakataa. Nilikaa bila kugusa kinanda kwa muda mrefu, na kwaya yetu ikaimba kwa makofi hadi Krismasi. Wakati huo sikuwa nimesikia habari za Robert Schumann, mtunzi mkubwa wa Ujerumani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia uliharibika akaacha ndoto ya kuwa mpiga piano. Wanaomchunguza hawajakubaliana kuhusu sababu, lakini yeye alikuwa ametumia kifaa cha kunyanyua kidole. Ningesikia habari hizo mapema, labda lile shati ningelikamua.

Kidole cha pete kinasaidiwa na mkono ulioko nyuma yake. Unapokifikia, acha kiganja kisogee nacho na kigasha kizunguke kidogo upande wake, kama unavyozungusha kitasa cha mlango lakini kwa robo ya mwendo huo. Kidole kinapata mkono mzima wa kukisukuma, na hakihitaji kunyanyuka juu hata kidogo. Kipige polepole kwenye ule mchoro wa juu, pale kwenye s ya mkono wa kulia inayorudi, utasikia tofauti ndani ya dakika tano. Kitabu kizuri cha maelezo kingekuambia hivyo. Chako, kwenye ukurasa huo, kimekuambia kinyume.

Ukurasa mwingine ni wa sauti. Unasema baada ya kubonyeza, uendelee kukandamiza na kutikisa kidole ili nota "iimbe". Swali hili la sauti ndilo ninalolitumia siku zote kupimia vitabu vya piano, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ndani ya piano ya kweli, ukibonyeza ufunguo unarusha nyundo kuelekea kwenye nyuzi. Ufunguo unashuka kama milimita kumi tu. Kabla haujafika chini kabisa, mtambo unaiachia nyundo, nayo inamalizia safari peke yake, inagonga, inarudi. Kuanzia inapoachiwa, kidole hakina tena mawasiliano na sauti hiyo. Unaweza kukandamiza, kutikisa, kuomba, nyundo imeshaondoka. Unachoamua wewe ni kasi ambayo iliondoka nayo, na wakati wa kuuachia ufunguo ili kizima-sauti kishuke. Basi. Kutikisa kidole kulikuwa na maana kwenye klavikodi, ala ya kale ambayo kipande cha chuma kinabaki kimegusa waya muda wote ufunguo ukiwa chini, kwa hiyo kidole kikitikisika sauti inatikisika. Mwandishi wa kitabu chako amechukua agizo la klavikodi akalipeleka kwenye piano. Hayuko peke yake.

Kwenye kinanda chako cha umeme mambo ni makavu zaidi. Chini ya kila ufunguo kwa kawaida kuna vihisio viwili. Unapobonyeza, cha kwanza kinaguswa, kisha cha pili. Mashine inapima muda uliopita kati yao na kuamua sauti iwe kubwa au ndogo kiasi gani. Muda mfupi, sauti kubwa. Haijui kama ulikuwa na huzuni.

Kwa haki yake, tamko lisilo la kweli kifizikia linaweza kufundisha vizuri. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akisema "zamisha mkono kama kwenye unga wa ugali", na hakuna unga kwenye piano, lakini mabega yangu yalishuka kila aliposema hivyo. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu. Kama neno lingenifanya nikaze, angelibadilisha palepale. Mwandishi hayuko nyuma yako. Ndiyo maana kwenye kitabu namdai aniambie lipi ni picha ya akilini na lipi ndivyo mtambo unavyofanya kazi, na huyu wako kwenye kurasa nne hajatenganisha hata mara moja.

Kurasa mbili zilizobaki ni za uzito wa mkono. Hizi ni nzuri, nakiri. Anaeleza vizuri namna ya kuuachia mkono ushuke kwa uzito wake mwenyewe badala ya kuusukuma, na ana alama ya kujikagua: baada ya nota, mtu akikuinua kiwiko kwa kidole kimoja, mkono upande bila ubishi. Hiyo ndiyo aina ya sentensi ninayoilipia, kwa sababu inakuonyesha jinsi ya kujua kwamba umekosea. Mafundisho haya yalikua kadiri piano zilivyokuwa nzito. Zile za Vienna za zama za Mozart zilikuwa na funguo nyepesi zenye mshuko mfupi, vidole peke yake viliweza. Piano ya leo inataka takriban gramu hamsini ili ufunguo uanze kushuka, na nota zikiwa elfu kadhaa kwa jioni moja, vidole peke yake vinalia.

Ila kinanda cha kanisani kwenu, kwa ninavyoona kwenye video, ni cha funguo za springi, zisizo na uzito. Ukiuachia mkono wote juu yake unagonga sakafu ya kinanda kama mchi. Zoezi lile zuri huwezi kulipima ipasavyo. Utasoma kurasa sitini za maelezo zilizoandikwa kwa ala ya funguo 88 zenye uzito, ukizijaribu kwenye ala ambayo springi inakurudisha juu, na usipopata matokeo hutajua kama mkosaji ni wewe, kitabu au kinanda. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niseme subiri.

Halafu kuna suala la nota. Unasema unasoma mistari kwa kukokota. Kitabu cha mbinu kinataka macho yawe mkononi. Macho yakiwa yamebanwa na kutafuta nota, mkono unafanya unavyotaka. Kwa hali yako ya leo, afadhali mara kumi uchukue wimbo mmoja wa sauti nne unaoujua kwa solfa tangu utotoni na uupige polepole, sauti ya besi na ya tena mkono wa kushoto, alto na soprano mkono wa kulia, ukichagua kwa penseli kidole cha kila nota na kutokibadilisha wiki nzima. Uwekaji wa vidole ni nusu ya mbinu. Kodi za mkono wa kushoto mnazozoea makanisani (nota zinazopigwa kwa pamoja, si za TRA) huwa zinapigwa kwa vidole vitatu vilevile 5 3 1 kila mahali, na mabadiliko yake yanakuwa ya kuruka. Wimbo wa sauti nne unakukatalia uvivu huo.

Ukitaka nota za mistari zilizo rahisi na tamu, tafuta etyudi (vipande vya mazoezi) 25 za Friedrich Burgmüller, Opus 100. Hizo pia ni bure, na kila moja ni kipande cha muziki kamili cha ukurasa mmoja au miwili. Ningekuwa na mwanafunzi wa kiwango chako angekuwa nazo tatu mwaka huu, na Hanon namba moja na namba mbili kwa dakika tano za kupasha mkono moto. Kuhusu Hanon nzima, mwenyewe aliandika kwamba ukishaizoea unaweza kuipiga yote kwa saa moja na urudie kila siku. Mwenye saa moja ya bure kila siku na apige muziki.

Laki moja na arobaini je? Ningeigawa hivi. Sehemu kubwa iende kwa mtu mwenye macho. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha shahada ya muziki, nacho kiko njiani kuja Arusha: ukitoka Moshi unashuka ukishapita Usa River, kabla ya Tengeru. Nenda katikati ya wiki, uliza kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayefundisha, mkubaliane vipindi vinne au vitano vilivyoachana kwa wiki mbili. Omba hasa kupiga kwenye piano yenye uzito na omba akutazame kifundo. Kinachobaki kiwe nauli na kopi.

Na baada ya hapo kitabu si haramu. Mimi ninavyo kumi na kitu, na viwili nimevirudia hadi majalada yakatoka. Siku ukiwa na ala yenye uzito ya kujipimia, au ruhusa ya kuitumia mara mbili kwa wiki, mwandikie muuzaji yeyote akupigie picha kurasa mbili: ile inayoeleza sauti inatokeaje, na ile ya kidole cha nne. Muuzaji asipotaka, umeshapata jibu. Ukurasa wa sauti ukikuambia habari za kasi ya nyundo, na wa kidole cha nne ukikuambia habari za kigasha na kiganja, lipa. Zikikuambia nguvu na kunyanyua, hata kama ni cha elfu tano pale chini kwenye mitumba, pita.

Kwa huyu wa Dar, mjibu kwa adabu kwamba umeahirisha. Akishuka hadi elfu arobaini, usinunue vilevile.

Ukishashusha stendi, nitumie video nyingine, pambio lilelile, mwendo uleule. Safari hii kamera iwe ubavuni mwako, usawa wa funguo. Ile ya kwanza imepigwa kutoka kwenye benchi la soprano na nusu yake nimeona migongo ya kanga.